Mungu mwema na udongo wa Bududa: swali moja lenye maswali matatu ndani

Mvua ikipiga Mlima Elgon siku kadhaa mfululizo na udongo ukateremka na nyumba za watu, mabishano hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, huanza kabla maiti hazijamalizika kufukuliwa. Panda teksi ya kwenda Bududa utayasikia. Mama wa kiti cha mbele atasema ni mpango wa Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Mzee aliye nyuma yake atasema watu wa huko juu wamemkosea Mungu, ndiyo maana. Kijana mwenye simu atauliza ni Mungu gani mwema anayefukia watoto wakiwa hai. Halafu kondakta anadai nauli, na kila mtu anashuka na jibu lake.

Tulibishana hivyo Machi 2010, udongo ulipofunika kijiji cha Nametsi pamoja na kituo chake cha afya, na watu zaidi ya 300 wakahofiwa kufa. Tukabishana tena Oktoba 2018 baada ya maporomoko ya Bukalasi. Mwaka 2024 ulituletea mara mbili: Agosti, jaa la taka la Kiteezi karibu na Kampala liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na Novemba miteremko ya Bulambuli ikashuka juu ya vijiji. Makala haya hayataumaliza ubishi, maana hakuna aliyeumaliza kwa zaidi ya miaka 2,000. Ila kelele nyingi zinatokana na jambo moja linaloweza kunyooshwa. Ndani ya "kwa nini Mungu ameruhusu?" mna maswali matatu tofauti, na jibu linalofaa kwa moja huwa baya kwa lingine, hata la kikatili.

Fundo lenyewe

Wanafalsafa huliita tatizo la uovu. Neno uovu hapa lina upana kuliko linavyotumika mtaani: ni kila kinachomtesa kiumbe, awe amekosa au hajakosa. Upo uovu unaotoka kwa watu, kama ule wa waasi wa ADF walioingia shule ya sekondari ya Mpondwe, Kasese, Juni 2023 na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Upo pia uovu wa maumbile: tetemeko, mafuriko, saratani ya mtoto mchanga.

Uovu peke yake unauma lakini hauna fumbo. Fumbo linazaliwa unapouweka kando ya mambo matatu ambayo Mkristo na Mwislamu huyasema juu ya Mungu: anaweza yote, anajua yote, ni mwema. Kama alijua na aliweza, mbona hakuzuia? Kama alijua na alitaka kuzuia, basi hakuweza? Hoja hii huhusishwa na Epicurus, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo.

Ondoa moja kati ya yale matatu na fundo linafunguka. Ndiyo maana hadithi ya Kiganda ya Kintu na Nambi haina tatizo hili. Ggulu, babake Nambi, aliwaambia maharusi waondoke upesi na wasirudi hata wakisahau kitu. Nambi akasahau ulezi wa kulisha kuku wake, akarudi, na kaka yake Walumbe, yaani Mauti, akamfuata hadi duniani. Walumbe akaomba mtoto mmoja wa kumsaidia jikoni, Kintu akakataa, watoto wakaanza kufa. Ndugu yao Kayikuzi aliteremshwa kuja kumkamata, akamfukuza mpaka akazama ardhini kule Ttanda. Hakuna anayeisikia hadithi hiyo akamtaka Ggulu ajieleze, kwa sababu haikudai popote kwamba Ggulu anaendesha kila kitu na anampenda kila mtu. Mauti ni shemeji mkorofi aliyetufuata nyumbani, basi.

Wapo wanaosema swali hili ni la Wazungu wasioamini, limeingia kwetu kwa njia ya simu. Hao hawajasoma vitabu vyao wenyewe. Katika Qur'ani, sura ya Al-Baqara aya ya 30, malaika ndio wanaouliza kwanza: utamweka huko atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Wanajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu anayajua wasiyoyajua wao. Nabii Habakuki naye anafungua kitabu chake kwa malalamiko kwamba analia na Bwana hasikii. Anayemkemea mfiwa kwa kuuliza, awakemee na hao.

Je, vinaweza kukaa pamoja?

Swali la kwanza ni la mantiki tupu. Mwaka 1955 mwanafalsafa Mwaustralia, J. L. Mackie, alitoa dai zito: kumwamini Mungu wa namna hiyo huku unakubali kwamba uovu upo ni kujipinga mwenyewe. Yaani hakusema tu kwamba Mungu huyo ni mgumu kuaminika; alisema hawezekani.

Jibu lililopata umaarufu ni la Mmarekani Alvin Plantinga katika miaka ya 1970, nalo linategemea hiari ya mwanadamu. Ukitaka mtu anayeweza kupenda kwa kweli, lazima awe mtu anayeweza kukataa. Mungu akimshika mkono kila anayetaka kuua, hapatakuwa tena na anayechagua kutoua. Mackie alikuwa ameshauliza kwa nini Mungu asingeumba watu ambao kwa hiari yao huchagua mema kila mara. Plantinga akajibu kwamba hilo haliko mikononi mwa Mungu peke yake, kwani uchaguzi uliopangwa na mwingine haustahili kuitwa uchaguzi. Wanafalsafa wengi, wasioamini wakiwemo, walikubali kwamba hapo neno "haiwezekani" lilipoteza makali. Lakini ushindi wenyewe ni mdogo kuliko unavyotangazwa mimbarini. Kilichoonyeshwa ni kwamba Mungu mwema na uovu vinaweza kuwapo pamoja. Kwamba vipo pamoja ni jambo jingine.

Tena nchi yetu ina kesi inayoibana hoja ya hiari kuliko mfano wowote wa darasani. Dominic Ongwen alitekwa na LRA, waasi wa Joseph Kony, akiwa mtoto wa takriban miaka tisa, njiani kwenda shule. Alikulia msituni, ndani ya jeshi lililowalazimisha watoto kuwaua wenzao waliojaribu kutoroka. Akapanda vyeo mpaka akawa kamanda wa brigedi. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia ya makosa 61, yakiwemo yaliyofanywa katika mashambulizi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na Mei akafungwa miaka 25. Mawakili wake walidai alitenda kwa kushurutishwa na kwa akili iliyougua. Majaji walikataa, lakini utoto ule ulioibwa ulimpunguzia adhabu. Kwa hiyo waliiona hiari iliyojeruhiwa vibaya, ila bado hiari.

Sasa mwingize Mungu katika kesi hiyo. Tukisema hakumzuia Joseph Kony kwa kuheshimu uhuru wake, uhuru wa yule mtoto mwenye daftari uliheshimiwa na nani? Uhuru wa mmoja ulitumika kuuvunja wa mwingine, na aliyevunjwa akakua akavunja wengine. Hoja ya hiari inaeleza kwa nini ulimwengu wenye watu huru una hatari. Haielezi kwa nini hatari hiyo haikuwekewa dari. Watetezi husema uhuru unaokatizwa kila unapokaribia kuumiza sana ni uhuru wa bandia. Huenda. Mimi naona jibu hilo linatosha kwa mwizi wa kuku. Likifika Barlonyo, kambi iliyoteketezwa na LRA Februari 2004, ambako idadi yenyewe ya waliouawa ingali inabishaniwa, linachechemea.

Waislamu waliyachambua haya karne nyingi kabla ya Plantinga. Kundi la Mu'tazila lilifundisha kwamba mtu ndiye mtendaji wa matendo yake, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, humtendea kila mja lililo bora kwake. Inasimuliwa kwamba Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mchamungu, mmoja kafiri, mmoja akiwa mtoto. Mtoto akimlalamikia Mungu kwamba hakuachwa aishi apate daraja ya kaka yake mwema? Al-Jubba'i akasema Mungu atamjibu: nilijua ungekua ungeasi, nikakuchukua mapema kwa faida yako. Ndipo, akasema al-Ash'ari, yule kafiri atapiga kelele kutoka motoni: Mola wangu, na mimi ulijua, mbona hukunichukua utotoni? Mwalimu hakuwa na neno.

Al-Ash'ari akaondoka na njia ambayo Masunni wengi wanaifuata hadi leo: Mungu hafungwi na mizani yetu, na analotenda ndilo haki. Ni jibu imara na lina gharama yake. Kama lolote atakalotenda litaitwa jema, basi tunapomwita mwema hatujasema mengi.

Je, inaelekea?

Swali la pili ni la ushahidi, na ndilo wanafalsafa wanaloshughulika nalo zaidi sasa. Mwaka 1979 William Rowe, Mmarekani, aliacha kuuliza kama inawezekana akauliza kama inaelekea. Alitumia mfano wa mtoto wa swala aliyeungua katika moto wa msitu, akilala siku kadhaa kwa mateso mpaka afe, pasipo mtu wa kumwona. Hiari ya nani inalindwa hapo? Nani anapata funzo?

Sisi hatuna haja ya kwenda msituni kumtafuta swala. Nenda wodi ya watoto umtazame mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mtoto akirithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hiyo imeenea katika nchi za malaria kama yetu. Akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaingia kwenye mifupa ya mikono na miguu hata hajaanza kutembea. Kitu kile kile kinamwokoa dada na kumtesa kaka, nyumba moja, tumbo moja.

Mwenye imani anaweza kusema: hiyo ndiyo gharama ya dunia yenye kanuni thabiti. Bududa inamuunga mkono. Udongo wa Elgon ulitokana na volkano. Rutuba yake ndiyo inayozaa kahawa na ndizi, ndiyo iliyowajaza watu kwenye miteremko mikali, na udongo huo huo ukishiba maji huteleza. Dunia ambamo kanuni zinasitishwa kila zinapokaribia kumdhuru mtu isingelimika wala kusomeka. Naliheshimu jibu hili kwa sababu halikimbii sayansi. Shida yake ni moja: Muumba hakuzikuta kanuni hizo mahali, alizitunga. Na kama alizitunga, swali linarudi kwenye malaria yenyewe.

Jibu linalopendwa zaidi na wahubiri ni la chanjo. Umeliona kituo cha afya asubuhi: mama amembana mtoto mapajani, muuguzi anashika mkono laini, sindano inaingia, mtoto anamgeukia mama yake kwa macho ya kusalitiwa. Hawezi kujua kwamba anakingwa na surua. Akili yake haijafika huko, na hata mama angemweleza kutwa nzima asingeelewa. Nasi mbele za Mungu tuko hivyo, wanasema. Kutouona sababu hakumaanishi kwamba haipo.

Hapo wana haki. Kutoka "sioni sababu" hadi "hakuna sababu" ni mruko mrefu, na kijana wa simu huuruka bila kutazama chini. Lakini ukiubana mfano wenyewe unaachia sehemu tatu. Mama hakuiumba surua. Baada ya sindano mama humkumbatia mtoto hapo hapo, wakati wengi walioteseka wanashuhudia ukimya mrefu. Na hakuna mama atakayekubali mwanawe achomwe sindano ya kuua ili mtoto wa jirani ajifunze huruma, jambo ambalo ndilo linalosemwa kila tunaposikia kwamba vifo vya wengine vilikuja kutukomaza sisi. Kuna na gharama nyingine ambayo wahubiri hawaitaji. Kama akili zetu ni ndogo mno kuzisoma sababu za Mungu kwenye msiba, ni ndogo vile vile kuzisoma kwenye neema. Huwezi kusema siri ya Mungu haisomeki mlima ulipoanguka, halafu Jumapili usimame kushuhudia kwamba unajua hasa kwa nini alikupa viza.

Usemi kwamba bila giza tusingeijua nuru nitaupita haraka. Hata ukiwa kweli, giza kidogo lingetosha.

Asiyeamini naye ana mzigo wake. Anaposema kifo cha mtoto wa Nametsi ni kitu ambacho hakikupaswa kutokea, inabidi aeleze "kupaswa" huko kunatoka wapi katika ulimwengu ambao udongo ni udongo tu. Wapo waliojaribu, na baadhi ya majaribio ni ya maana. Pia aachane na dhana kwamba mateso peke yake huiua imani. Vijana Wakristo walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 na Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin waliingia mautini na imani yao. Hilo halithibitishi kwamba Mungu ni mwema. Linaonyesha kwamba watu hawaamini wala hawaachi kuamini kwa kupiga hesabu.

Swali la mfiwa

Aliyefukua mikono ya mwanawe kwenye tope naye anauliza "kwa nini?", kwa maneno yale yale ya Epicurus, lakini haombi hoja. Hapa ndipo majibu ya maswali mawili ya kwanza yanapogeuka kuwa jeuri. Mpe Plantinga matangani uone.

Matangani kwetu maneno ya Ayubu hayakosekani: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Ni ya sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42. Kuanzia sura ya tatu Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura 35 kitabu ni mabishano matupu: anamtaka Mungu aje mahakamani, na rafiki zake wanamweleza kwamba lazima kuna dhambi aliyoificha. Mungu anaposema mwishowe, hatoi maelezo ya kwa nini. Anamwuliza Ayubu alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa. Kisha anawageukia wale rafiki, watetezi wake, na kuwaambia hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Waliomtetea ndio waliokaripiwa. Sijui kwa nini sura hizo za katikati hazisomwi makaburini. Nadhani zingewafaa wafiwa kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo mzee wa teksi, yule wa dhambi za watu wa huko juu, amejibiwa zamani. Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kuuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: hapana. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa, ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi, na wanaambiwa si yake wala ya wazazi wake. Fundisho la kwamba ukipatwa umekosa bado linauzwa, siku hizi pamoja na bahasha ya sadaka ya "kupanda mbegu". Halina pa kusimama katika maandiko hayo.

Mama wa kiti cha mbele ni mgumu zaidi kumjibu, maana "mpango wa Mungu" yake mara nyingi ni faraja, na faraja ya mtu haichezewi. Tatizo linaanza usemi huo ukihama kutoka kinywa cha mfiwa kwenda kinywa cha ofisa. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa 1996 na likazidi kurundikwa watu wakiishi chini yake. Mvua ilikuwa ya mbinguni. Mlima ule wa taka ulijengwa na lori baada ya lori. Septemba 2024, baada ya uchunguzi, rais aliwafuta kazi viongozi watatu wa juu wa Mamlaka ya Jiji la Kampala. Kama ulikuwa mpango wa Mungu, walifutwa kwa kosa gani? Huwezi kuvishika vyote viwili, na umma ulijaribu kuvishika vyote viwili kwa wiki nzima.

Bududa na Bulambuli mstari hauko wazi hivyo. Serikali iliwahamishia wengine Kiryandongo baada ya 2010, baadaye Bunambutye, na wapo waliorudi mlimani kwa sababu kahawa iko huko na makaburi ya wazee wao yako huko. Vifo vile ni vya mvua kiasi gani, vya uhaba wa ardhi kiasi gani, vya ahadi zilizochelewa kiasi gani, hayo wahandisi na madiwani wanaweza kuyajibu bila kumsubiri mwanafalsafa. Yakijibiwa, tutakalobaki kumwuliza Mungu litakuwa dogo kuliko furushi tunalompelekea sasa. Halitaisha, lakini. Mtoto wa selimundu hana diwani wa kumlaumu, na juu yake, katika yote niliyoyasoma, sijakuta jibu ambalo ningethubutu kumsomea mama yake.